Idara ya Migomba Imepata Mchumba

Jamani, sogeeni karibu, maana haya nikiyameza nitapasuka. Idara yetu imepata mchumba! Tena mchumba wa ng'ambo, kwao kuna theluji, ana maabara ya vioo, na profesa wake ni mrefu hivi kwamba ukitaka kumsalimia unaanza kwa kutazama dari.

Nyie wa nchi nyingine najua mtauliza, idara ya chuo kikuu inaolewaje? Sisi wa Jamhuri ya Hewala hatuulizi. Huku kwetu hata kushangaa kunaombewa kibali, na ofisi ya kibali inafungwa mapema.

Ilianza hivi. Waziri wetu wa Elimu ya Juu, Mheshimiwa Tarimbo, kabla Rais hajamwona alikuwa mshereheshaji wa harusi, tena wa kukodiwa mpaka mikoa ya mbali. Siku alipoapishwa, waandishi wakamuuliza vyuo vikuu vishirikiane vipi. Naye mtu mkweli, akasema anachokijua: "Ushirikiano ni ndoa." Watu wakacheka wakidhani ni mfano. Kesho yake ikatoka kwenye gazeti la serikali kama kanuni.

Basi tangu hapo chuo hakishirikiani na chuo kingine bila barua ya posa, mshenga, kamati, sare na keki. Na chuo bora ni chenye ndoa nyingi. Ndoa imezaa nini, hilo halina pa kuandikwa. Chuo chetu, Chuo Kikuu cha Taifa, kimeoa na kuolewa mpaka Ofisi ya Mshenga Mkuu imejengewa ghorofa lake, na mbele yake bwawa lenye maji yanayoruka juu na kubadilika rangi. Idara ya Meno imeolewa na chuo cha mabaharia. Idara ya Muziki mume wake anafundisha utengenezaji wa saruji, na wanaheshimiana sana. Vyuo vidogo vya mikoani navyo tumevioa, ila havialikwi kwenye sherehe, vinatumiwa keki iliyobaki. Kitivo cha Sheria ndio masikini ya Mungu. Chuo kilichokioa huko kwao kilikosa wanafunzi kikafa, kwa hiyo Kitivo kizima kipo eda. Walimu wamevaa nyeupe, hawatoki nje, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanasubiri eda iishe ndio wafanye mtihani.

Sasa mimi, Zuhena, nimemaliza shahada ya kilimo juzi tu, nimebahatika kazi hapohapo chuoni, msaidizi wa utafiti Idara ya Migomba. Napima majani, naandika, nafukuza mbuzi wa Makamu Mkuu wa Chuo. Bosi wangu ni Dokta Sikudhani Ngwale, mama mfupi, sauti ndogo, kofia ya majani. Na hiyo migomba yenyewe lazima niwaambie, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Hewala nzima inakufa na mnyauko. Mgomba unaamka mzima, mchana majani yananing'inia kama nguo zilizoloa, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Kwetu Mlowa, milima yote iliyokuwa kijani sasa imebaki kahawia. Mama yangu, aliyekuwa akigawa ndizi kwa wapita njia, siku hizi anapanga foleni ya unga. Dokta Ngwale amezalisha migomba tangu mimi niko shule ya msingi. Yote ilikufa, ukabaki mmoja pembeni, karibu na choo. Mnyauko ukapita kushoto kwake na kulia kwake, wenyewe ukakaa tu. Ule mgomba ndio aliouzalisha ukawa kitalu kizima nyuma ya idara. Duniani hakuna mingine, ipo hiyo tu. Ikivuka kiangazi hiki, mvua za vuli zikianza, machipukizi yanakwenda Mlowa. Watu wa kwetu wameshachimba mashimo, na migomba hiyo wanaiita wageni.

"Zuhena," mama ananipigia, "hao wageni wetu hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Waambie tunawasubiri. Waambie shimo la kwanza ni la kwangu."

Halafu, katikati ya kiangazi, maji yakakatika. Kumbe bomba letu la maji ndilo lililochepushwa kwenda kuruka mbele ya Ofisi ya Mshenga Mkuu. Tukafungua koki, ikakohoa, ikatoa mjusi. Na jua lile! Ila ng'ambo ya ua wa michongoma, hatua chache tu, ndio Kitivo cha Uhandisi, na huko maji yanamwagika kutwa yakiingia mtaroni. Dokta akapanda juu ya tofali akachungulia. Alikuwepo Mhandisi Bulugu, kifua wazi, anaangalia pampu.

"Mhandisi, hayo maji yanakwenda wapi?"

"Mtaroni, Dokta. Tunaijaribu pampu."

"Tangu lini?"

"Tangu inunuliwe. Inafanya kazi vizuri mno, tumekosa cha kuandikia ripoti."

"Si utupe na sisi basi, migomba inakufa hapa."

"Lete mpira, dada yangu! Angalau na mimi nipate aya moja."

Tukapitisha mpira wa maji kwenye michongoma. Jamani, ile ardhi ilivyokunywa, ungesikia imesema ahsante! Mstari wa kwanza haujaloa wote, walinzi hawa hapa, na mbele yao Profesa Kachinjita, Mkurugenzi wa Ushirikiano na Mshenga Mkuu wa Chuo, suti ya krimu, ua kifuani, kama anavyokuwa siku zote.

"Dokta Ngwale. Hiki ni nini?"

"Mpira wa maji, Profesa."

"Kwamba ni mpira naona, nina macho. Nauliza mbele ya kanuni ni nini. Umetoka kitivo gani, umeingia idara gani, na mmefungishwa na nani?"

"Profesa, ni maji tu," akasema Mhandisi Bulugu kutoka ng'ambo.

"Yote huanza na maji, Mhandisi." Akatoa leso akafuta paji la uso. "Ninyi ni watoto wa chuo kimoja. Ndugu wa tumbo moja! Halafu mnashirikiana mchana kweupe, mbele ya wanafunzi? Hamna haya?"

Mpira ukakunjwa ukapelekwa ofisini kwake kama ushahidi.

Ila msimwone mbaya. Profesa Kachinjita ana roho nzuri, alituita mwenyewe akatutafutia njia. Ndugu hawashirikiani, akasema, hilo limekwisha. Lakini Idara ya Migomba ikiolewa na chuo fulani cha ng'ambo, na Kitivo cha Uhandisi nacho kikaolewa na chuo hichohicho, mtakuwa wake wenza. Na wake wenza, kwa kanuni, wanaruhusiwa kuombana maji.

"Wake wenza?" Dokta akauliza.

"Kuombana wanaruhusiwa. Kupeana ni juu yao."

Hapo Dokta Ngwale akafurahi, uso wote ukafunguka kama mtoto. "Basi mbona mchumba ninaye! Profesa Hemmerlund, mtaalamu wa migomba wa kule kaskazini. Tunaandikiana miaka mingi. Nikimtumia picha za majani, ananitumia majibu ya vipimo. Ndiye aliyenionyesha kwamba ule mgomba wa chooni una kitu."

Karani akaacha kupiga chapa.

"Mnaandikiana," akasema Profesa Kachinjita polepole. "Miaka. Bila mshenga."

Jamani, aibu tuliyoipata! Uchumba wa kificho, tena wa mama mzima mwenye shahada tatu. Barua pepe ya Dokta ikafungwa siku ileile, na kuanzia hapo kila neno likawa linapita kwa Mshenga Mkuu. Profesa Hemmerlund akaandika: "Majani yana hali gani? Nina wasiwasi na ukame." Ofisi ikamjibu: "Salamu zenu zimefika. Wazee wanatafakari."

Halafu likaja swali la nani bibi harusi. Baraza la Chuo likakaa kikao, likala chakula cha mchana, likakaa tena. Wengine wakasema sisi ndio mume, heshima ya taifa haivai shela. Mhasibu Mkuu akasimama akawakumbusha kwamba mume ndiye anayetoa. Mwisho maprofesa wetu, maana ni watu wenye akili jamani, wakapitisha kwa kauli moja: katika kupokea tutakuwa bibi harusi, katika hotuba tutakuwa bwana harusi.

Ikaandikwa barua, ikafungwa kwenye kitambaa cheupe, ikapelekwa na ujumbe uliojaza ndege nusu. Kina nani walikwenda? Kila mtu, isipokuwa anayejua migomba. Profesa Hemmerlund akajibu kwa adabu kwamba hajaelewa habari ya mbuzi wa mkaja, ila yeye ombi lake moja tu, aje aione migomba.

"Anataka kumwona binti kabla ya ndoa!" Profesa Kachinjita akang'aka. Akatembea chumba kizima akarudi. "Haya. Wazungu ndivyo walivyo. Mwandikieni aje, ataona siku ya siku."

Sasa maji. Wakati wazee wanatafakari, mwenzenu nikasoma kanuni mstari kwa mstari, nikagundua kitu. Imetajwa mipira, imetajwa mabomba, ndoo haikutajwa! Nikamkimbilia Mhandisi Bulugu. Alisikiliza, akajaza ndoo zote za kitivo, akazipanga kwenye michongoma, akageuza mgongo.

"Mimi sioni kitu," akasema akitazama ukuta. "Nikiulizwa, nitasema ndoo zimetoroka. Beba, mdogo wangu, usimwage."

Tukabeba. Mimi, Dokta na wanafunzi wa mwaka wa pili, mikono ikatoka malengelenge. Na migomba ikaitikia! Ilinyooka, majani mapana, kijani kile kinachokaribia weusi, unaweza kujitazama ndani yake. Mji mzima umekauka, miti ya barabarani imebaki fito, ukipanda ghorofani unaona doa moja tu la kijani, kitalu chetu. Nikawa naipiga picha namtumia mama, anawaonyesha majirani, wanagombania simu.

Posa ikakubaliwa. Kamati zikaundwa, na mimi nikawekwa! Nilipata sare, kitenge chenye bendera zetu na bendera zao, na picha ya Mheshimiwa Waziri mahali ambapo ukikaa unamkalia. Dokta aliomba tarehe isogezwe mbele kidogo, akague kwanza machipukizi. Wakamwambia bibi harusi hapangi tarehe.

Siku chache kabla ya sherehe wakamfungia Dokta ndani, hotelini, kufundwa. Kungwi alitoka wizarani, Bi Sauda, mama mnene mwenye sauti ya kuzoea vipaza sauti. Mimi nikaingia naye kama msimamizi.

"Mume akisema takwimu, unasemaje?" Bi Sauda anauliza.

"Namuuliza zitatunzwa wapi," Dokta anajibu.

"Mwana mkaidi huyu! Unasema, 'Karibu, mume wangu, chukua.' Akisema jina lake litangulie kwenye makala?"

"Nasema tukae tuzungumze."

"Unasema, 'Tangulia, mimi nipo nyuma yako.' Na unatabasamu. Tabasamu nikuone. Sio hivyo, hivyo ni kama unaumwa jino."

"Bi Sauda, naomba nikaangalie migomba yangu. Nusu saa tu."

"Mwali anatoka nje? Unataka watu waseme nini?"

"Basi Zuhena aende."

"Na msimamizi amwache mwali peke yake? Mmesomea wapi nyie?"

Tukakaa. Huko nje, Kamati ya Mapambo ilikuwa imepatwa na janga lake. Nchini kwetu mgeni mkubwa hapiti getini bila migomba kusimamishwa kulia na kushoto, ndivyo ilivyo tangu babu zetu, na Mheshimiwa Waziri asipoiona hashuki kwenye gari. Kamati ikatuma malori mikoani. Yakarudi na mashina yanayodondosha usaha. Mwenyekiti wa Mapambo akalia mbele za watu. Haya yote nilikuja kuyasikia baadaye, wakati ule sisi tulikuwa tunafundishwa kutabasamu.

Siku ikafika. Wakatupakia kwenye gari lenye maua, Profesa Hemmerlund ameshakaa nyuma, magoti yamefika kidevuni. Yeye na Dokta walikuwa hawajawahi kuonana. Wakashikana mikono, wakacheka. Mzee wa watu alikuwa amejifunza Kihewala, anakitamka kwa kutafuna.

"Majani," akasema. "Yana hali gani?"

"Mazima," akasema Dokta, machozi yanamlenga. "Utayaona sasa hivi."

Gari likakata kona ya chuo. Getini, kulia na kushoto, migomba imesimama. Ya kijani. Kila shina kwenye ndoo ya mchanga, limefungwa utepe wa dhahabu. Nikasema moyoni, Kamati wameipata wapi mizuri hivi? Ndipo nikaona kwenye shina la kwanza kibao cha namba. Mwandiko wangu.

"Simamisha gari," akasema Dokta Ngwale.

"Dokta, tutachelewa," akasema dereva.

"Simamisha."

Alishuka, akaenda kwenye shina, akaligusa pale chini lilipokatwa. Profesa Hemmerlund naye akakunjuka kutoka kwenye gari, akamfuata, akakamata jani kwa mikono miwili, uso unang'aa.

"Ndiyo hii! Ndiyo yenyewe!" Akageuka. "Lakini kwa nini mmeileta hapa?"

"Kwa ajili yako," akasema Dokta.

Hakuelewa. Akashukuru, jamani. Akainama akashukuru.

Mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Nyie mnajua mgomba, ukiukata juu unachipua chini, mpaka ung'oe ndio unakufa. Nilikimbia na ile sare nikizunguka nyuma ya idara, nikisema visiki vipo, visiki vipo. Nikafika. Pale penye kitalu kulikuwa na zege, pana, laini, linang'aa, bado bichi, na katikati jiwe lenye maandishi ya dhahabu: Kituo cha Kimataifa cha Ubora wa Migomba, jiwe la msingi limewekwa na Mheshimiwa Tarimbo. Pembeni amesimama Mhandisi Bulugu, ameshika mpira wa maji, uleule uliokamatwa, analimwagilia zege lisipasuke.

"Wamenirudishia," akaniambia, hanitazami. "Wamesema sasa ni halali. Barua imekuja na mhuri, maji yapite."

"Mhandisi, visiki?"

"Huko chini."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakaniuliza mimi ni wa kitivo gani."

Nilijaribu kwa vidole. Lilikuwa limeshaanza kukaza. Mlinzi akaja akaniambia dada toka hapo, unaharibu jiwe la Mheshimiwa, akanishika kiwiko taratibu kabisa, akanirudisha ukumbini nikiwa na saruji kwenye kucha.

Ukumbini kulipendeza, siwezi kudanganya. Keki ilikuwa na umbo la ndizi. Mheshimiwa Tarimbo alikuwa ameshika kipaza sauti mwenyewe, hakutaka mshereheshaji mwingine.

"Wageni waalikwa! Leo taaluma imepata taaluma, mkoa umepata bara, na bara limepata bara jingine! Nani alisema Hewala haina migomba? Mmepita getini, mmeiona au hamkuiona?"

"Tumeiona!" ukumbi ukaitikia.

"Hayo ndiyo matunda ya ushirikiano, na bado hata hatujasaini!"

Dokta Ngwale aliwekewa kalamu mkononi. Bi Sauda alikuwa nyuma ya kiti chake, namwona anavyomminya bega.

"Bibi harusi anasemaje?" Mheshimiwa akauliza.

Dokta akamtazama Profesa Hemmerlund, akatazama ile keki. Halafu akatabasamu, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, akasaini.

Simu yangu ikatetemeka mkobani. Mama. Nikaipokea chini ya meza.

"Zuhena! Tunawaona kwenye televisheni, Mlowa nzima tuko kwa mwenyekiti hapa! Nimewaona wageni wetu getini, jamani walivyopendeza! Wamevishwa mpaka utepe! Wanakuja lini huku?"

"Mama..."

"Huku wingu limefunga, mvua ni leo au kesho. Waambie wawahi."

"Na sasa," sauti ya Mheshimiwa ikajaa ukumbi, na taa ya wapiga picha ikanigeukia, "mbona bibi harusi amesaini bila kigelegele? Msimamizi! Wewe binti, simama! Kigelegele hicho, wakisikie mpaka kaskazini!"

Watu wote wakageuka. Profesa Kachinjita akanikonyeza nisimame. Nikasimama, simu iko mkononi, sijaikata.

Nikapiga. Kilikuwa kirefu, jamani, sijui pumzi zile nilizitoa wapi. Nilipokaribia kuishiwa nikamsikia mama, mle ndani ya simu, ananipokea na cha kwake, halafu Mlowa nzima nyuma yake.